Mambo ya Polepole Humtokea Anayeandika

Hotuba kwa walimu, wazazi na vijana, Mtwara mjini

Walimu wenzangu, wazazi wetu, wanangu mliojaa mpaka barazani: asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Wageni mliotoka Lindi, Masasi, Newala na Tandahimba, poleni na safari, karibuni sana Mtwara.

Nimeombwa nizungumzie kuandika, na hasa kuandika bila kukatisha. Wengi wenu mnajua kwamba tangu 2011 naandika makala moja kila wiki kuhusu mkoa wetu na jirani zetu wa Lindi. Naiweka mtandaoni kwa bando langu mwenyewe, na anayetaka kusoma anasoma bure. Swali ninaloulizwa kuliko yote, sokoni, kwenye daladala, hata msibani, ni hili: "Mwalimu, wanakulipa?" Hawanilipi. Basi linafuata la pili: "Sasa unapata nini?"

Hilo la pili ni swali zuri, na leo nimekuja kulijibu. Nimelifikiria kwa miaka na jibu ninalo. Ninachopata ni kuyaona mambo yanayokwenda polepole.

Mambo ya haraka kila mtu anayaona. Ajali, sherehe, ziara ya kiongozi, mvua iliyobomoa nyumba: simu inakuletea kabla hujauliza. Lakini mengi yanayotugeuzia maisha hayaji kwa kishindo. Ufukwe unaliwa na maji kidogo kidogo. Mikorosho ya babu inazeeka. Watoto wa mjini wanaacha Kimakonde cha bibi zao, neno moja leo, neno moja mwakani. Vijana wanakwenda Dar mmoja mmoja mpaka mtaa unabaki na wazee na watoto. Mambo haya hayana siku yake. Huwezi kusema yalitokea Jumanne. Mwenye makala moja hawezi kuyaona hata awe hodari vipi. Mwenye makala za miaka anafungua ya Agosti hii, anafungua ya Agosti ile, na tofauti inajitokeza mbele ya macho yake.

Kuishi kwingi ni kuona mengi, na wahenga hawakukosea. Ila kumbukumbu ina tabia yake: kila tunapolikumbuka jambo tunalijenga upya kwa vifaa vya leo. Muulize mtu mzima mji huu ulikuwaje kabla ya mambo ya gesi, mara nyingi atakupa mji wa leo, aupunguze watu tu.

Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Kilwa, hapo kwa jirani zetu, akaisifu kuwa ni miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema. Kisha akapanda chombo akaondoka. Maneno yake tunayanukuu mpaka leo, na tunamshukuru. Lakini mimi mwenyeji nina swali ambalo msafiri hawezi kunijibu. Kilwa ya 1332 ilikuwaje? Na ya 1340? Kisima gani kilianza kuwa na maji ya chumvi, watu gani walihamia kisiwa cha jirani cha Songo Mnara, mwaka wa ukame nafaka ilipimwa kwa kibaba gani? Habari za masultani wa Kilwa zilikuja kuandikwa katika karne ya 16, vizazi vingi baadaye, na yale ya kila siku yalikuwa yameshakwenda na wenyewe.

Lindi nao walikuwa na mtu wao wa kuandika. Vita vya Maji Maji, vilivyoanza 1905 kwenye vilima vya Umatumbi, vilipokwisha, Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alivitungia utenzi mrefu kwa Kiswahili. Mtu wa hapa, kwa lugha ya hapa, kuhusu mambo ya hapa. Huwa namtaja kila nikisikia kijana anasema kuandika ni kazi ya watu wa Dar es Salaam.

Sasa niwape mfano mnaoujua vizuri. Korosho.

Hapa ukumbini kila mtu ni mtaalamu wa korosho. Lakini mkulima akikwambia "msimu ule ulikuwa mzuri," ana maana gani? Bei? Mavuno? Au pesa kuingia benki mapema? Miaka ya mwanzo niliandika kama wanavyoandika wengi: bei imepanda, bei imeshuka, mnada umefunguliwa. Kadiri misimu ilivyopita nikaanza kuandika na yale yaliyo pembeni ya bei. Mwezi wa sita, nani amekopa salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho, na kwa masharti gani. Maua yametoka lini. Ubwiriubwiri, ule ugonjwa wa mikorosho, umeshika mashamba ya upande upi. Oktoba, magunia yamelala nje ya ghala siku ngapi. Baada ya mnada, malipo yamefika wiki ya ngapi. Na kangomba ameanza kupita majumbani mwezi gani.

Kwa wageni wasiomjua, kangomba ni yule anayenunua kwa kificho, nje ya ghala na nje ya mnada, kwa kipimo chake na kwa bei yake, kutoka kwa mtu mwenye shida ya leo. Siku moja nilikaa nikasoma makala zangu zote za korosho kwa mfululizo. Nikaona jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameniambia. Miaka ambayo kangomba alianza kuonekana Agosti, maua yangali mtini, ndiyo miaka ambayo darasani kwangu watoto walikuwa wanasinzia kabla ya saa nne. Wazazi wao walikuwa wanauza mavuno ambayo hayajazaliwa ili wapate unga. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba msimu wa korosho hauanzi Oktoba. Unaanza siku chakula kinapokwisha ndani, na siku hiyo haimo kwenye tangazo lolote la mnada. Tangu hapo, nikisikia kangomba amepita mapema, sisubiri. Namwendea mwalimu mkuu tunazungumza habari ya uji wa shule.

Mnakumbuka 2018. Oktoba wakulima walizikataa bei za mnadani. Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na magari ya jeshi yakaja kubeba. Hayo yamo magazetini na yatabaki humo. Lakini fundi cherehani wa mtaani kwetu hayumo. Alikuwa na vitambaa vya sare za harusi vimekaa rafuni, vimekatwa, havijashonwa, kwa sababu wenye harusi walikuwa wanasubiri uhakiki na malipo. Muuza maandazi aliyeanza kukopesha kwa daftari, akaandika jina la kila mtu na idadi ya maandazi, naye hayumo. Hao niliwaandika mimi, wiki kwa wiki. Leo mwanafunzi wa chuo akija kuniuliza watu waliishije msimu ule, namfungulia anasoma, na mimi nasoma naye, nakutana na mambo niliyoyaona kwa macho yangu na yalikuwa yameshanitoka kabisa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wenye maduka wanaijua methali hiyo, na mimi nasema maisha yetu ya hapa nayo ni mali.

Jingine ninalopata ni jicho.

Ukijua kwamba Alhamisi utaandika, basi kuanzia Ijumaa unatazama. Huna namna. Nimepita ufukwe wa Shangani tangu msichana. Maji ya bamvua yakitoka, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, akina mama wanashuka miambani na fimbo za chuma kutafuta pweza. Niliwaona miaka yote kama unavyoona nguzo za umeme. Wiki moja nikaamua niwaandike, nikavua viatu nikashuka nao.

Mama mmoja akasimama mbele ya mwamba ambao kwangu haukuwa na tofauti na mingine. Akanionyesha kwa kidole cha mguu. Chini ya mwamba palikuwa na tundu lisilotosha hata ngumi. Mbele yake palirundikana magamba ya kaa, kombe mbili zimefunguliwa, na vijiwe vimevutwa karibu kama vya kuzibia mlango. "Huyu yumo ndani, Mwalimu. Pweza akila hutupa mabaki mlangoni kwake. Tazama gamba hili, bado jeupe." Akanipeleka hatua chache, akanionyesha tundu jingine lenye magamba yaliyoota ukijani. "Huyu kahama siku nyingi. Usipoteze nguvu zako."

Mwamba ule haujarudi kuwa mwamba tu. Niliendelea kuandika kila bamvua nilipopata nafasi: akina mama wameshuka wangapi, wamepanda na nini kwenye ndoo, wamekwenda mbali kiasi gani. Yule mama na mimi sasa ni marafiki, na tukibishana kama pweza wamepungua au hawajapungua, tunabishana kwa ushahidi. Yeye ana macho yake ya miaka mingi, mimi nina maandishi. Mara nyingi tunakubaliana. Tusipokubaliana, mazungumzo yanakuwa matamu zaidi.

Kuandika kunakulazimisha pia kusoma. Mtoto wa kata ya Reli aliniuliza darasani: "Mwalimu, sisi ni wa Reli, na reli yenyewe iko wapi?" Mimi nilijua kwamba reli ilikuwapo. Lakini kumwandikia mtoto kulinipeleka kwenye mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 na kuachwa 1951, kwenye Nachingwea iliyofyekwa pori kwa matrekta, kwenye bandari ya Mtwara iliyojengwa ili karanga zipite hapa, na kwenye njia ya reli ya kwenda Nachingwea ambayo iling'olewa miaka ya sitini ilipoanza. Ningefundisha jiografia mpaka kustaafu bila kuyaunganisha hayo yote kwa swali la mtoto mmoja.

Halafu kuna watu. Hapa nataka nikae kidogo.

Aprili 2019 tuliambiwa kimbunga Kenneth kinakuja. Shule zilifungwa, watu wa pwani tuliambiwa tusogee sehemu salama, mji ukanyamaza. Kimbunga kikaingia Msumbiji, upande wa Cabo Delgado, kikaua na kubomoa kule kwa ndugu zetu. Alhamisi ile niliandika tu jinsi tulivyongoja: nani alilala kwa nani, radio iliwashwa saa ngapi, akina mama walibeba nini kwanza walipotoka majumbani. Sikumwomba mtu chochote. Lakini watu walishazoea kwamba mimi ndiye mwandishi wa mambo haya, na wiki zilizofuata wazee wa Lindi wakaanza kunitumia ujumbe kwa simu za wajukuu zao. Kumbe kulikuwa na kimbunga cha Aprili 1952, kilichoipiga Lindi hasa. Bibi mmoja alikuwa mtoto mdogo mwaka huo. Anakumbuka mama yake alimfunga mgongoni kwa kanga mbili badala ya moja, wakakaa chini ya ukuta wa mawe, na asubuhi minazi yote ya shamba lao ilikuwa imelala upande mmoja. Mzee mwingine akaniambia hapana, minazi ya kwao ilikatika katikati, haikung'oka. Wakaanza kujibizana kupitia kwangu, watu wawili wazima ambao hawajawahi kuonana, wote wakiwa na uhakika.

Makala zile hazikutoka kichwani mwangu. Zilinijia kwa sababu kwa miaka watu walikuwa wanajua Alhamisi nipo. Ukiandika kwa vipindi, mara hii upo, mara ile miezi sita umepotea, hakuna atakayekuhifadhia habari. Mtu huhifadhi habari kwa ajili ya mtu anayejua atamkuta. Leo nina rafiki Liwale, nina rafiki Kilwa Masoko, nina kijana wa boti Msangamkuu anayenipigia kivuko kikichelewa, nina mama mmoja Ndanda tunayesalimiana kila sikukuu na hatujawahi kunywa chai pamoja. Mtu wa umri wangu, watoto wameshaondoka nyumbani, kupata marafiki wapya kila mwaka ni neema. Nalisema hili kwa moyo wote.

Kuandika kumenifundisha pia kutulia. Mei 2013, siku ambayo hotuba ya bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini ilikuwa inasomwa bungeni, mji huu uliwaka kwa ugomvi wa gesi yetu kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba. Mnakumbuka moshi, mnakumbuka watu waliopoteza maisha na nyumba zilizochomwa, mnakumbuka hofu ya usiku ule. Sote tulikuwa na hasira, na kila simu ilikuwa na habari yake. Wiki hiyo nilikaa mbele ya karatasi nikiwa na maneno makali mengi. Nikachora mistari miwili wima, nikapata safu tatu: nilichokiona kwa macho, nilichoambiwa na aliyeniambia ni nani, ninachodhani. Safu ya kwanza ilikuwa fupi kuliko nilivyotegemea. Ya tatu ilijaa. Nikachapisha ile ya kwanza, na machache ya ya pili.

Bomba hilo la gesi lilizinduliwa 2015, miaka ikaenda, na kila mtu ana simulizi yake ya siku zile. Makala ile fupi bado inasomwa, na wanaoisoma wako pande zote mbili. Safu tatu zimebaki nami. Nazitumia nikiitwa kusuluhisha ugomvi wa ukoo, nazitumia mwanafunzi akiletwa ofisini kwa tuhuma. Nikiulizwa kuandika kumenipa nini kama mzazi, hilo ndilo la kwanza.

Na wiki ambazo hakuna jambo? Ziko nyingi. Hakuna mgeni, hakuna kimbunga, mnada umefungwa, kusi linavuma tu na vumbi lake. Wanangu, hizo ndizo ninazozipenda sasa kuliko zote. Katika wiki ya namna hiyo niliandika jinsi mama yangu alivyopika ming'oko, ile mizizi ya porini tunayoila huku kwetu. Sikuwa na habari nyingine. Niliandika jinsi alivyochagua mirefu iliyonyooka akaiacha yenye vinyweleo vingi, jinsi alivyoisugua udongo kwa gunzi, jinsi alivyojua imeiva kwa kuminya mmoja tu kwa kidole gumba mpaka ganda linateleza, na chumvi iliyotwangwa na pilipili iliyokaa pembeni kwenye kisosi. Wasomaji wachache waliisoma wakati ule. Mama ametangulia mbele za haki. Binti yangu yuko Mwanza, ana mtoto ambaye hajawahi kuuona mng'oko, na amenisomea makala ile kwenye simu neno kwa neno, akisimama kila mstari kuniuliza. Picha za mama tunazo nyingi. Mikono yake ikifanya kazi iko pale tu.

Basi, anayetaka kuanza nimpe machache ninayoyafuata.

Chagua siku moja ya wiki na watu waijue. Andika tarehe na mahali juu ya kila makala, hata kama unaona ni dhahiri. Baada ya miaka haitakuwa dhahiri. Andika bei: sahani ya wali, nauli ya bodaboda hadi Mikindani, kilo ya korosho, fungu la dagaa. Bei ndizo zinazozeeka haraka na ndizo zinazotafutwa kuliko yote. Andika jina la upepo uliokuwa unavuma.

Usimwandike mtu bila ruhusa yake. Akisema "hili tuzungumze tu, usiliandike," lisiandikwe, hata kama ndilo tamu kuliko yote. Hapa sina mjadala. Mji ni mdogo, na mtu aliyekuamini kwenye mkeka wake utakutana naye kesho sokoni.

Weka nakala. Mtandao unaondoka na vitu. Kampuni zinafungwa, nywila zinapotea, simu zinaingia maji. Mimi nina makala zote kwenye diski ndogo mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti, na za mwanzo nimezichapa nikazitia jalada kama kitabu. Walimu wa shule zilizo mbali, wasio na kompyuta, waanze na daftari gumu na kalamu ya wino. Daftari la mwalimu wa Nanyumbu likiandikwa kila wiki kwa miaka kumi litakuwa na mambo ambayo hayatapatikana katika ofisi yoyote nchini.

Na usiulize kila siku wamesoma wangapi. Angalia mara moja kwa mwezi, ushukuru, ufunge.

Kuanzia Alhamisi ijayo, saa kumi jioni, nitakaa papa hapa ukumbini na yeyote atakayekuja na karatasi moja aliyoiandika kuhusu mtaa wake. Hata nusu karatasi. Tutasomeana, kila mtu ataondoka na swali moja la kwenda kuuliza nyumbani, na wiki inayofuata tutaanzia kwenye swali hilo. Walimu wa Lindi mkitaka tufanye na kwenu, niambieni kabla hamjapanda gari, tupange tarehe.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Sasa ni zamu yenu. Tuanze na yule kijana wa Tandahimba, nimemwona ameinua mkono tangu nilipomtaja kangomba. Simama mwanangu, sema jina lako na la kijiji chako, sauti ifike barazani.